Petroli ya Bei Juu kwa Gari la Milimani

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja ya mwezi wa saba kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, cha madereva na wenye magari madogo wa Uyole, Mbeya. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Utani nimeupunguza, ila si wote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mweka Hazina, wazee wangu, kaka zangu na dada zangu, itifaki imezingatiwa. Ndaga fijo kwa kuniita. Mimi nimezoea kuongea na watu nikiwa nimelala chini ya gari, kwa hiyo leo mkiniona naangalia sana darini mnisamehe, ni mazoea.

Katibu alinipigia Jumatatu akasema, "Fundi, kijiweni kumechafuka." Ugomvi wenyewe mnaujua. Mmoja wetu ameanza kuweka ile petroli ya premiamu kwenye IST yake, na anaapa kwamba sasa anapanda Isyonje kama anashuka. Mwenzake akamwambia ameibiwa mchana kweupe. Wakabishana mpaka abiria wawili wa kwenda Mwanjelwa wakachoka kusubiri, wakapanda bajaji. Hapo ndipo niliposhtuka. Ubishi wa mafuta unaofukuza abiria ni ghali kuliko mafuta yenyewe.

Jibu langu nalitoa sasa hivi, kwa sababu huu ni mwezi wa saba, na ikifika saa moja usiku hapa Uyole mtu hasikilizi hotuba, anatafuta jiko la mkaa. Kwa magari mengi yaliyopaki hapo nje, hela ya ziada mnayolipia premiamu haifanyi kazi yoyote. Kwa machache, kama mawili hivi niliyoyaona wakati naingia, inafanya kazi na ni ya lazima. Na kujua gari lako liko upande gani hakuhitaji fundi. Limeandikwa kwenye gari lenyewe, nitawaonyesha wapi.

Tuanze na neno. Mtu akisikia premiamu anawaza mafuta makali, yenye moto zaidi, kama unavyolinganisha gongo na bia. Sivyo. Lita ya premiamu na lita ya kawaida zina nguvu karibu sawa. Kinachozitenganisha ni namba inayoitwa okteni, na okteni haipimi ukali. Inapima uvumilivu.

Nieleze hapa taratibu, maana ukielewa hapa mengine yote yanajipanga yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni inapanda ikibana hewa iliyochanganyika na petroli. Hewa ikibanwa inapata joto. Wewe uliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, ukaigusa pampu kule chini, unajua. Pistoni ikikaribia juu, plagi inapiga cheche, moto unaanzia pale na kutambaa hadi kwenye kona za silinda, unaisukuma pistoni chini kwa mkono mmoja mrefu. Ndivyo inavyotakiwa. Sasa petroli isiyo na uvumilivu, ile iliyoko kona ya mbali, haisubiri moto uifikie. Joto na kubanwa vinaizidi, inalipuka yenyewe, yote kwa mkupuo. Badala ya kusukumwa, pistoni inapigwa nyundo.

Sauti yake mnaijua. Uko gia ya nne, umebeba watu, mlima umeanza, hutaki kushusha gia kwa uvivu tu, unakanyaga mafuta: kri-kri-kri-kri, kama mtoto anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa. Wateja huniambia, "Fundi, inagonga tapeti." Mara nyingine ni tapeti kweli. Mara nyingine ni huko kulipuka, na kukiachwa miezi kunaweza kutoboa pistoni. Tusichanganye na injini kunoki ya mtu aliyesahau kuangalia oili. Ule ni msiba mwingine, una matanga yake.

Hiyo namba ya okteni ilitengenezwa Marekani miaka ya 1920. Walichukua vimiminika viwili. Kimoja, isookteni, kinavumilia sana, wakakipa 100. Kingine, hepteni, hakivumilii kabisa, wakakipa 0. Petroli ikiitwa 95 maana yake inavumilia kama mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na 5 za kile cha pili. Basi, hakuna uchawi. Na miaka hiyo hiyo waligundua kwamba ukitia madini ya risasi kidogo, petroli inavumilia zaidi, kwa bei rahisi. Dunia ikavuta moshi wa risasi kwa miongo mingi, hadi nchi zetu za kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Wazee wangu mliokuwa mnanyonya petroli kwa mpira na mdomo miaka ya nyuma, mliinywa hiyo. (Watu walicheka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele hakucheka, akawa anajipapasa shingo.)

Kwa hiyo gari linahitaji okteni kulingana na injini yake inavyobana. Chukua IST ya 1500, injini tunayoiita 1NZ. Inabana kumi na nusu kwa moja, yaani hewa ya vikombe kumi na nusu inabanwa iingie kwenye kikombe kimoja. Toyota waliipangia petroli ya kawaida ya Japani, na kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue okteni 89, ya juu isipungue 96. Petroli halali ya sheli zetu inapita hiyo 89. Ukiongeza juu ya hapo, 1NZ haina mahali pa kuutumia huo uvumilivu. Ni sawa na kumlisha kuku wa mayai mchele wa Kyela. Atakula, tena atakula vizuri. Yai litabaki yai.

Na kwa kuchekesha tu: kwenye karatasi za waagizaji, hii petroli yetu ya kawaida huandikwa PMS, na hiyo P ya mwanzo ni hiyo hiyo premiamu. Kwa hiyo yule ndugu wa IST alikuwa tayari anaweka premiamu kabla hajaanza kuweka premiamu.

Sasa kuna jambo letu sisi wa huku, ambalo mtu wa Dar hana. Tuko juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe na Makete ni zaidi. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Kurasini, Dar. Pistoni inaposhuka kuvuta hewa, inavuta pungufu. Ndiyo maana gari lililokuwa linaruka Kibaha likifika Igawilo linaanza kuhema. Mwenye gari anafikiri mafuta ni mabovu. Mafuta hayana kosa, ni hewa haitoshi. Na hewa ikiwa pungufu, kubanwa kunapungua, joto linapungua, na kugonga kunapungua. Mlima unakunyang'anya nguvu, lakini unakupunguzia pia haja ya okteni.

Hili silitungi. Kule Marekani, Denver ya jimbo la Colorado iko mita 1,600 hivi, chini yetu kidogo. Sheli za kule huuza kama petroli ya kawaida ile ya namba 85, wakati majimbo ya chini ya kawaida ni 87. Desturi hiyo ni ya enzi za kabureta, na wenye viwanda vya magari ya siku hizi hawaipendi, wanasema weka 87 hata kama uko mlimani. Mimi nami siwaambii mkatafute mafuta hafifu. Nasema tu kwamba mtu wa Mbeya anayenunua premiamu "kwa sababu ya milima" ameshika hoja kichwa chini, miguu juu.

Gari lenye tabo halimo kwenye hesabu hii, maana tabo inajisukumia hewa yenyewe. Na ukishuka Kitonga kwenda pwani, hewa inakuwa nzito na joto linapanda. Gari lililonyamaza huku linaweza kuanza kutikisa kopo la kokoto ukiwa Chalinze. Ukilisikia, shusha gia, punguza mguu. Hiyo ni dawa ya bure.

Nimetaja 85 na 87, na najua vijana mtaenda kutafuta kwenye simu, kwa hiyo jihadharini. Wamarekani wana hesabu yao. Wanachukua wastani wa vipimo viwili, hivyo 87 yao ni kama 91 ya Japani na Ulaya. 91 ya Marekani ni premiamu, 91 ya Japani ni ya kawaida. Kijana mmoja alikuja gereji kwangu Ilomba amezunguka mji mzima akitafuta premiamu, kwa sababu alisoma kwamba gari lake linataka 91. Alikuwa anasoma gari la Kijapani kwa miwani ya Kimarekani.

Kupimwa, limepimwa. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, mwaka 2016 kilichukua Mazda3 ya silinda nne, Dodge Charger ya silinda sita na Toyota Tundra ya silinda nane, yote ni magari ya petroli ya kawaida, wakayawekea premiamu wakayapima. Nguvu, ulaji, moshi: hakuna faida ya maana. Wakakadiria kwamba Wamarekani walitupa dola bilioni 2.1 kwa mwaka mmoja kwa kuweka premiamu kwenye magari yasiyoihitaji. Mwaka uliofuata wakapima magari ambayo kiwanda kinapendekeza premiamu lakini hakilazimishi. Hapo waliona kitu: kwa wastani ulaji ulikuwa nafuu kwa asilimia 2.7 na nguvu ikapanda asilimia 1.4. Lakini premiamu yenyewe ilikuwa ghali kwa asilimia 20 hadi 25. Mama Mweka Hazina, wewe ungeidhinisha mkopo wa namna hiyo? (Alitikisa kichwa.)

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa IST, maana simwiti mwongo. Amesema gari limekuwa jepesi, nami naamini limekuwa jepesi. Nilimuuliza jana: wiki uliyoanza premiamu, ni kitu gani kingine kilibadilika? Akafikiri, akasema hakuna. Nikamuuliza, viazi vya shemeji yako bado unabeba? Kumbe msimu umeisha. Miezi miwili alikuwa anashuka na abiria na kupanda na magunia matatu nyuma. Magunia yametoka, premiamu imeingia, na sifa amepewa premiamu.

Lakini kuna kisa ambacho ndicho hasa kilichonifanya nikubali mwaliko huu, na kinanihusu mimi mwenyewe, tena vibaya. Mwezi wa sita alikuja mwalimu mmoja, mama wa makamo, na Vitz. Analalamika gari linakula mafuta. Ameshauriwa aweke premiamu, ameweka mwezi mzima, gari linakula vile vile na mshahara unaisha mapema zaidi. Nikamwambia, mama, liwashe tukae. Ilikuwa saa mbili asubuhi, ile baridi ya kutoa moshi mdomoni. Vitz ina taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi, inayoonyesha kwamba injini bado ya baridi. Kwa kawaida dakika chache imezima. Tulikaa, tukaongea habari za wajukuu, nikanywa chai kikombe kizima. Taa ya bluu inatuangalia. Nikaenda nalo hadi Mafiati na kurudi. Ilizima njiani, na kwenye mteremko ikawaka tena.

Nikafungua nyumba ya thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Tupu. Hakuna thamostati, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote kama mto Mbaka wakati wa masika. Nikataka kumtukana fundi aliyeitoa. Ndipo nikaiona gasketi. Ilikuwa imekatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi la dawa ya meno, na upande wa ndani herufi mbili nyekundu bado zinasomeka. Mafundi wenzangu mnajua kila mtu ana mkato wake. Ule mkato ni wangu. Nikaenda kwenye daftari: 2019, Vitz ya fedha, "linachemka, nimetoa thamostati, limepona".

Kweli lilipona kuchemka. Thamostati ilikuwa imeganda, spea siku hiyo haikupatikana, mteja ana haraka, nikaitoa. Mafundi wengi tunafanya hivyo na tunajisifu. Lakini injini ikikaa baridi, kompyuta ya injini, inayopima petroli ya kuingia, inafikiri daima ni alfajiri. Inaongeza petroli kama unavyoongeza kuni moto unapowashwa, na haiachi kuongeza, kwa sababu hakuna mtu aliyeiambia kumekucha. Nilitoa plagi zake: zote nne nyeusi, masizi makavu, ukipitisha kidole unatoka kama umeshika sufuria ya kijijini. Kwa miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa anapikia kuni asizozihitaji, na aliyemwekea ni mimi.

Nikaweka thamostati mpya na kulanti, plagi, na eya klina, lile chujio la hewa. Eya klina ya zamani niliigonga chini, likatoka vumbi jekundu la kujaza kikombe. Kazi ya mikono sikumtoza, spea tu. Akarudi petroli ya kawaida. Baada ya wiki tatu alinipigia: tenki lililokuwa linaisha Jumatano sasa linafika Ijumaa jioni. Hii haikuwa maabara, ni gari moja la mama mmoja. Lakini fundi akikwambia pwani wanatoa thamostati na magari yanatembea, mwambie pwani hawaamki na barafu ya Kitulo usoni.

Hesabu ya hela sasa, kwa wenye IST za abiria. Tuseme tofauti ni shilingi 300 kwa lita. Sisemi ndiyo bei, kila mtu aangalie ubao wa sheli yake. Unatumia lita 12 kwa siku: 3,600. Siku 26 za mwezi: 93,600. Mwaka: milioni moja, laki moja na ishirini na tatu elfu na mia mbili. Hiyo inanunua thamostati, plagi nne, eya klina, na tairi juu yake. Tajiri wako hatakupunguzia hesabu ya jioni kwa sababu uliweka premiamu, atakuangalia tu.

Nasisitiza hela kwa sababu petroli ya huku tayari inatembea. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakitangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ubao wa Mbeya uko juu ya ubao wa Dar, maana kuna zaidi ya kilomita 800 za lori katikati. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar, tangu 1968 linapita milima yetu hii hii kilomita 1,710 hadi Ndola, nasi tunalipungia mkono. Siku hizi linapeleka dizeli Zambia. Basi.

Wenye dizeli mliokuja: okteni haiwahusu, ninyi mna kipimo chenu kingine, tutaongea siku nyingine. Na vile vichupa vya "kuongeza okteni" vinavyouzwa karibu na viberiti, viacheni hapo hapo karibu na viberiti.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Wauzaji wengine hutia kwenye premiamu dawa ya kusafisha valvu na nozeli, vile vitundu vinavyopuliza petroli. Dawa hizo si hadithi. AAA hao hao walipima, mwaka huo huo wa 2016, wakakuta petroli yenye dawa hafifu iliacha uchafu kwenye injini mara 19 zaidi ya ile yenye dawa nzuri. Lakini dawa si okteni. Wengine wanaitia hata kwenye ya kawaida. Muulize muuzaji wako ipo wapi. Na gari ambalo nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haiwezi kuziosha hata ingekuwa sabuni ya unga.

Kinachonitisha mimi kuliko okteni ni kuchakachua. Petroli ikitiwa mafuta ya taa, uvumilivu wake unaanguka vibaya sana. Nchi ililiona hilo. Mwaka 2010 vikaanza kutiwa vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya siri ya kuyatambua yaliyochanganywa, 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchanganyaji asipate chenji. Lakini mwizi hafi siku moja. Miaka michache baadaye nilijaza mahali fulani njiani, usiku, sitapataja. Asubuhi kwenye mlima wa kwanza Corolla yangu ikaanza kuimba, yenyewe iliyokuwa haijawahi hata kukohoa. Nikapaki, nikachomoa mpira, nikatoa kwenye ndoo, nikanusa. Chemli ya bibi yangu kabisa. Na risiti sikuwa nayo, kwa sababu usiku ule nilikuwa na haraka na kijana wa pampu naye alikuwa na usingizi. Chukueni risiti. Gari likianza kugonga siku ile ile uliyojaza, usikimbilie premiamu. Mwenye kuchanganya hii anaweza kuchanganya na ile.

Na mteremko, jamani. Mlima Nyoka, Iwambi, Kitonga. Naona watu wanaweka fri, yaani wanatoa gia, kuokoa mafuta. Gari la siku hizi likiwa kwenye gia na mguu umetoka, kompyuta inakata petroli kabisa, sifuri. Ukiweka fri, injini inarudi sailensa, ule mngurumo wa gari lililosimama, na inaanza kunywa. Kwa hiyo unalipia mafuta ili breki zako ziungue. Sitasema zaidi, majina ya milima hiyo yanatosha.

Nimesema magari machache yanahitaji. Crown Athlete za 2500 na 3000, Mark X za mwanzo, Forester na Impreza za tabo. Mengi ya hayo huko kwao yalipangiwa ya juu. Ukiyawekea ya kawaida hayatakufa leo. Kwenye bloku ya injini kuna sensa, ni sikio hasa, limefungwa kwa bolti. Likisikia kugonga, kompyuta inachelewesha cheche. Unapoteza nguvu, unakula zaidi, na ukienda Dar na watu watano na mizigo, sikio linachoka. Mwenye gari hilo anunue premiamu asiulize bei. Aliuliza bei siku alipolipenda gari.

Mahali palipoandikwa, basi. Fungua mlango mdogo wa tenki. Magari mengi ya Japani yana karatasi ya kubandika upande wa ndani. Inaanza na 無鉛, maana yake isiyo na risasi. Ikifuatiwa na レギュラー ni ya kawaida. Ikifuatiwa na プレミアム, au ukiona ハイオク, ni ya juu. (Niliyachora ubaoni, Katibu akasema mwandiko wangu wa Kijapani unazidi wa Kiswahili.) Kama karatasi imebanduka, elekeza kamera ya simu kwenye kitabu cha gari ikutafsirie, au tafuta kwa namba ya chesisi. Mwenyekiti, mimi nimemaliza kuongea. Kabla baridi haijatufukuza, kila mtu achukue ufunguo wake tutoke na tochi.

Tulitoka. Yalikuwa magari kumi na tisa. Kumi na manne ni レギュラー, la ndugu yetu wa IST likiwemo, na matatu karatasi hazikuwepo. Forester moja ya tabo, mwenyewe anajua na anaweka ya juu miaka yote bila kumwambia mtu. La mwisho, karibu na geti, ilikuwa Crown nyeupe ya yule aliyesema mwenzake ameibiwa. Nikammulikia. Akasoma, akanyamaza, akaniomba tochi, akainama kusoma tena mwenyewe.